Kichanja cha Viatu Kilichonipa Msumari

Mimi kiatu changu cha kwanza nilikivaa nikiwa na ndevu. Kabla ya hapo nilikanyaga matope ya Ruvuma na mchanga wa Mtwara kwa ngozi niliyopewa na Mungu, na sikumdai mtu. Nayasema haya mapema kwa sababu ninataka kueleza habari ya kichanja cha viatu nilichokibuni mwenyewe kwa kichwa changu, na wapo wanaodhani mtu hawezi kuunda kitu asichokizoea. Wanajidanganya. Aliyekizoea kitu hakioni tena. Mimi viatu nilikuwa naviona sana, kwa sababu vyote vilikuwa vya watu.

Uhuru wetu ulikuwa bado mchanga, na ng'ambo ya mto Mreno alikuwa bado anapigana na wenye nchi. Mimi nilikuwa nimetoka bondeni, upande wa Kilambo, nikaja mjini kujifunza useremala kwenye baraza la mzee mmoja pale Chikongola. Tulimwita Bwana Fundi. Alikuwa mtu mkavu, mwenye maneno machache, na kila neno lake lilikuwa na mwiba. Kwenye ukuta wa baraza lake palikuwa na msumari mmoja, na kwenye msumari huo alitundika msumeno wake. Pembeni yake palikuwa na matundu mawili matupu. Yalikuwa ya misumari ya mafundi wawili aliowafukuza kabla yangu. Alikuwa amewang'olea misumari yao akawapa mkononi, ndipo wakaondoka.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya pale. Mwenye msumari ukutani ni fundi, anaacha vifaa vyake na watu wanamjua. Asiye na msumari ni mtu wa kupita. Mimi mwaka wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, na kila jioni nilikuwa nakusanya randa, patasi, keke na msumeno kwenye kikapu cha ukindu, najitwika kichwani, narudi navyo kwangu. Watu sokoni walikuwa wakiniita kama mchuuzi, "Ee, samaki gani leo?"

Siku moja nikamuuliza. "Bwana Fundi, ukuta huu hauna nafasi ya msumari mmoja?"

Hakuinua macho. "Nafasi ipo. Mwenye msumari ndiye sijamwona. Lete kazi ambayo mimi sikukufundisha, tutaona."

Nikalitia neno hilo tumboni.

Haukupita mwezi, akaja mwanamke mmoja kutoka Chuno. Mumewe alikuwa msimamizi wa makuli bandarini. Walikuwa wageni, watu wa Tanga, wamekuja na kazi. Akasimama kwenye ngazi ya baraza, akatoa salamu zake vizuri, kisha akaanza kulia viatu.

"Fundi, mlango wangu unafanana na duka la mitumba, la kafa Ulaya. Mume wangu ana mabuti ya kazi, yanafika magotini. Ana makubazi ya Ijumaa. Mimi nina raizoni zangu." Hivyo ni vile viatu vya soli nene kama tofali, ndiyo kwanza vinaingia mjini. "Watoto wana ndala na raba. Mama mkwe ana champali zake, na kila akitaka kutoka anazitafuta kwa fimbo kama anayetafuta nyoka."

Bwana Fundi akamwambia, "Sanduku. Rafu tatu. Wiki ijayo."

"Nilikuwa nalo. Buti haliingii. Nikiacha nafasi ya buti, ndala za watoto zinazama humo kama zimezikwa. Na kila Alhamisi wanakuja akina mama kwenye kisomo, viatu vinajaa mpaka njiani na mbuzi wa jirani wanatafuna kanda. Mimi nataka kitu kinachojua leo ni siku gani."

"Mama, kinachojua siku ni kalenda."

"Basi nielekeze kwa fundi wa kalenda."

Mimi nikacheka, na kabla sijafunga mdomo nikasikia ulimi wangu unasema, "Nitakutengenezea mimi."

Bwana Fundi akaweka randa chini. "Wewe. Mtu wa peku anavijengea viatu nyumba." Akanitazama miguu, maana kweli nilikuwa peku. "Haya, jenga. Kikisifiwa, utapiga msumari wako. Kikirudishwa, beba kikapu chako na usikatize mbele ya baraza hili, zunguka nyuma."

Nilianza vibaya. Wazo langu la kwanza lilikuwa kutoboa nguzo kwa keke, matundu kutoka chini hadi juu, halafu nichomeke vijiti na kulaza mbao juu yake. Rula nilikuwa nayo. Lakini mimi niliishia darasa la pili, na vile vistari vidogo vya katikati ya namba hatukuvifikia. Nikapima kwa vidole. Ubao wa kwanza nikauweka, ukakaa kama mtu mwenye mguu mfupi. Nikaziba matundu, nikatoboa mengine, nguzo ikawa kama chujio la tui la nazi. Tena vijiti vyenyewe vilikaza, kuvitoa lazima upige nyundo. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni na wageni mlangoni hawezi kupiga nyundo. Nikaona nimetengeneza kitu cha fundi, si kitu cha mwenye nyumba.

Jibu lilinijia nikiwa nakula muhogo, wala sikuwa nawaza viatu. Nilimkumbuka mama yangu kwenye dungu letu bondeni. Kule mto ukifura, maji yanaingia mashambani na watu wanahamia kwenye dungu, ile nyumba ya juu ya nguzo tunayolindia mpunga. Ndani ya dungu mama alikuwa na kitanda cha fito cha kuwekea mbegu, chungu na moto wake. Nguzo za humo baba alizichonga meno, jino juu ya jino, yameinamia ndani. Ufito ukiutia kwenye jino unakaa, na ukiuelemeza ndiyo unazidi kukaa. Maji yakipanda, mama alikuwa anainua upande huu jino moja, anainua upande ule jino moja, mbegu ziko juu. Hakuhitaji nyundo wala mwanamume. Akimaliza alikuwa anasema, "Mto umepanda jino moja, na sisi tumepanda jino moja. Tuone nani atachoka." Hakuna mwaka aliochoka yeye.

Muhogo ule sikuumaliza. Niliondoka na kipande mkononi nikaenda kukata meno.

Sikilizeni nilivyofanya, maana hapa ndipo ninapojivunia kuliko pote. Nguzo zilikuwa nne, mbili za mbele na mbili za nyuma. Nilizipanga bega kwa bega juu ya meza, nikazifunga pamoja kwa kamba kama mzigo wa kuni, na kila mkato wa msumeno nikaupitisha juu ya zote nne kwa pamoja. Kila jino la nguzo hii lilikuwa na ndugu zake watatu pale pale. Nilipozifungua hazikupishana hata unywele. Rula ilikuwa imelala kwenye kikapu. Kisha nikachonga fito, ufito mmoja kila upande, umelala kutoka jino la nguzo ya mbele hadi jino la nguzo ya nyuma, na juu ya fito nikalaza ubao. Ubao wenyewe niliupasua vipande vyembamba, nikaviunganisha kwa kuacha nafasi kati yavyo, mchanga wa viatu uanguke chini. Ukitaka nafasi ya buti, unanyanyua ubao, unashusha fito, unalaza ubao. Basi.

Ila nikaharibu. Kosa lilikuwa langu na sitalipamba.

Mbao nilizoweza kuzipata zilikuwa za mwembe. Mwembe ni laini, na mchwa wa Mtwara wakiusikia wanaitana. Sisi watu wa mikorosho tunajua dawa ya mchwa. Unachoma maganda ya korosho kwenye debe lililotobolewa, yanachuruzika mafuta meusi, unapaka nguzo za nyumba, mchwa hatii mguu. Lakini kila mtoto wa kwetu anajua pia kwamba mafuta hayo yakigusa ngozi yanaibabua. Mimi nikawaza, nitapaka, halafu juu yake nitapaka vanishi, vanishi itayafunga. Bwana Fundi sikumuuliza. Ningemuuliza vipi, na kazi ilitakiwa iwe ile asiyonifundisha yeye?

Kichanja kikang'aa kama tende. Nikakipeleka Chuno, yule mwanamke mwenye nyumba akazipandisha na kuzishusha mbao mbele yangu akicheka peke yake. Nikarudi Chikongola natembea katikati ya barabara.

Siku ya tano nikaitwa, na Bwana Fundi akaitwa pamoja nami. Tulimkuta msimamizi wa makuli amekaa barazani kwake, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, imebabuka mpaka kwenye muundi. Mama yake, bibi mrefu wa Kitanga mwenye fimbo, alikuwa amekaa kwenye kiti na vidole vimemvimba. Kichanja kilikuwa uani, kimetupwa juani, kinatoa jasho jeusi. Joto la mchana lilikuwa limeyatoa mafuta chini ya vanishi, viatu vikayanywa.

"Huyo ndiye," yule bibi akasema. "Mwanangu kavaa mabuti, tazama. Mimi nimeshika champali zangu, tazama. Watoto ndala zao, vidole vimechubuka. Mzima ni mkwe wangu peke yake. Ninyi watu wa mtoni tumesikia habari zenu tangu Tanga. Umeweka nini kwenye mbao hizo, na nani alikutuma?"

Aliposema hivyo akamgeukia mkwewe. Mwanamke wa watu akawa amesimama mlangoni.

Bwana Fundi hakuuliza. Aliiona ile miguu mara moja tu, akajua, maana naye alikula korosho tangu utotoni. Alinitazama akasubiri kuona nitakuwa mtu gani.

Ningeweza kukaa kimya. Uchawi hauna ushahidi, na lawama ilikuwa tayari imepata pa kwenda. Lakini mimi sikutoka bondeni nije kuwa fundi kwa kumtupia mzigo mwanamke aliyeniamini.

Nikasema, "Bibi, si dawa. Ni ganda la korosho."

"Korosho tunakula kila siku."

"Unakula ya ndani. Ya nje ndiyo inayokula wewe."

"Na huyu mbona haikumla?"

Nikauliza viatu vyake alikuwa anaviweka wapi. Mwenye nyumba akasema kwa sauti ndogo kwamba ubao wa juu ulikuwa wake, na alikuwa ameutandika gazeti ili raizoni zake zisipate mikwaruzo. Nikaomba gazeti liletwe. Lilikuwa limelowa mafuta upande wa chini, jeusi tii.

Yule bibi hakuridhika. Alisema gazeti nalo linaweza kurogwa. Basi nikaomba ruhusa, nikaenda kwangu, nikarudi na kopo lenye mabaki ya mafuta yale. Mbele yao wote nikajipaka mkono wa kushoto, kutoka kiwiko hadi kwenye kifundo.

"Kesho asubuhi nitarudi mnitazame," nikasema. "Kama ni uchawi, basi nimejiroga mwenyewe."

Kesho yake nilirudi na mkono umevimba, malengelenge yamepangana kama punje za hindi. Kovu lake ninalo hadi sasa, na wajukuu wangu wanajua wakilishika nitaanza hadithi. Bibi aliushika mkono wangu, akauweka kando ya vidole vyake, akalinganisha kwa muda mrefu.

"Kumbe ni ujinga tu," akasema.

"Ndiyo, bibi. Ni ujinga tu."

"Afadhali. Ujinga una dawa."

Bwana Fundi akakohoa. "Basi kichanja kimerudi," akaniambia. "Unajua tulivyopatana."

"Hakijarudi," nikasema. "Kinaumwa. Nitakitibu."

Hapo ndipo mwenye nyumba alipopata sauti yake. "Bwana Fundi, mimi sijarudisha kitu. Mafuta yake siyataki, lakini meno yake nayataka. Maulidi yanasomwa hapa nyumbani kwangu, zimebaki wiki mbili, na sijui nitaweka wapi viatu vya watu."

Mzee akafikiri, akitazama lile beseni. "Mpaka Maulidi," akasema. "Siku ya kusoma nitakuja mwenyewe. Atakayechubuka siku hiyo, awe mtu au mbuzi, kijana huyu namzungusha nyuma."

Mafuta yalikuwa yameshazama ndani ya mwembe, hakuna randa ambayo ingeyatoa. Nilikichimbia shimo kile kichanja mbali na visima, nikakizika. Sasa nilihitaji mti ambao mchwa anaupita kando wenyewe, bila kupakwa kitu. Mti huo ni mninga. Na mninga niliokuwa nao mimi duniani ulikuwa kitanda changu, nilichojitengenezea mwaka niliooa.

Mke wangu alinikuta naking'oa. Akasimama na ndoo kichwani.

"Unafanya nini?"

"Matendegu haya marefu ya kutundikia chandarua yatakuwa nguzo. Mifumbati itakuwa mbao."

Akaitua ndoo polepole. "Kwa hiyo viatu vya watu wa Chuno vitalala juu, sisi tutalala chini."

"Kwa muda."

"Muda huo una mwisho, au ni kama ule wa msumari wako?"

Alikuwa na haki. Lakini alipoona napasua mfumbati wa kwanza, ule mti wa ubavuni mwa kitanda, kwa mkono mmoja, kwa sababu ule wa pili ulikuwa umefungwa kitambaa, alikuja akaukalia ule ubao usitetereke. Alikaa pale siku zote za kupasua, akisuka mkeka. Alisema mkeka huo ndio kitanda chetu kipya na ni heri uwe mnene.

Safari hii sikuharakisha. Nilizifunga nguzo pamoja, nikakata meno, nikayasugua kwa msasa mpaka yakawa laini kama mdomo wa kikombe. Vanishi sikuitia kabisa. Nilichukua nta ya nyuki nikayapaka meno na ncha za fito, ili vipande viteleze bila kukwama hata masika unyevu ukiingia. Nikaongeza na kitu kimoja kwa ajili ya yule bibi. Nilikuwa nimemwona anavyoinama, mkono kiunoni, anatafuta champali kwa fimbo. Nikachonga kibao kidogo peke yake, cha jozi moja tu, na fito zake nyepesi, kinachoweza kukaa kwenye jino lolote. Nilipofikisha kichanja Chuno nikakiweka kwenye usawa wa mkono wake akiwa amekaa kwenye kiti chake. Alikitazama, akakinusa. Kisha akapitisha kidole kwenye ubao, akakilamba. Alitikisa kichwa kukubali, akaweka champali zake.

Siku ya Maulidi watu walifurika. Nilisimama ng'ambo ya njia, sikuthubutu kuingia. Mwenye nyumba alikuwa amekipanga kichanja mapema. Mabuti ya mume aliyahamisha uani, mbao zote akazikaribianisha, jino moja moja, na ndala za wageni zikaingia safu juu ya safu. Wakaja wenye viatu vya kufunga, akanyanyua ubao mmoja mbele ya macho yao, fito juu, ubao juu, na nafasi ikapatikana. Halafu akafanya jambo ambalo mimi mwenyewe sikuliwaza. Alishusha fito jino moja upande wa mbele tu, upande wa nyuma akauacha. Mbao zikainama kuelekea mlangoni, na kila mtu akawa anaona viatu vyake kutoka nje, kama vitu vya dukani. Akina mama waliacha kuingia ndani. Walisimama wanapandisha na kushusha, mmoja anamwambia mwenzake, "Hebu na mimi." Mbuzi wa jirani alikuja, akatazama, akaondoka.

Bwana Fundi alifika na kanzu yake nyeupe. Akavua makubazi, akatafuta pa kuweka, pakawa hapana. Yule bibi, kutoka kwenye kiti chake, akaweka fimbo magotini, akainua kibao chake kidogo jino moja bila kuinuka, akamwambia, "Weka hapo chini ya zangu, mzee mwenzangu. Na ukitoka uangalie miguu, usije ukasema umerogwa."

Mzee aliweka makubazi yake. Alibaki ameinama pale kwa muda mrefu kuliko anaouhitaji mtu kuweka makubazi. Aliugusa ufito, akautoa kwenye jino, akaurudisha, akautoa tena.

Hakuchubuka mtu.

Kesho yake asubuhi nilifika barazani na kikapu kichwani. Bwana Fundi alikuwa amenipa mgongo, anapiga randa. Ukutani palikuwa na msumari wa pili. Haukupigwa kwenye yale matundu ya zamani. Ulikuwa kwenye ukuta mzima, sawasawa na wake, na chokaa ilikuwa bado imemwagika sakafuni chini yake.

"Kikapu hicho cha nini?" akauliza, bado amenipa mgongo.

"Vifaa vyangu, Bwana Fundi."

"Hapa si soko la samaki. Tundika."

Nikautundika msumeno wangu. Nikasogea nyuma nikautazama, nikasogea tena nikaunyoosha. Mzee akamaliza ubao wake, akapangusa vumbi la mbao kwenye mikono, akaja akasimama kando yangu. Tukawa tunautazama ukuta wote wawili.

"Maagizo manane tangu jana," akasema. "Wote wanataka kile cha meno." Kisha akashusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu mwingine. "Yale meno. Ulifanyaje hata yakalingana? Nionyeshe."

Nikamwambia alete nguzo nne na kamba, na rula aiweke mbali.